Ngoma ya watoto haikeshi, lakini inafunza

*Isukuti tunaijua uwanjani, harusini na matangani. Je, ikiingia darasa la Gredi ya 2 kule Kakamega, mtoto atatoka na nini?*

Kama umewahi kuketi upande wa mashabiki wa Ingwe siku ya mechi, basi unaijua isukuti hata kama hujui jina lake. Ni ile ngoma ndefu nyembamba inayoning'inia begani, inayopigwa kwa viganja mpaka hata shabiki wa timu pinzani anajikuta anatikisa kichwa. Klabu yenyewe ilianza mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya, na ngoma ya nyumbani ikaifuata hadi jijini Nairobi.

Umeiona kwingine pia. Bibi harusi anatolewa nyumbani, isukuti iko mbele. Mwanasiasa anashuka kwenye helikopta, vijana wa isukuti washafika. Asubuhi ya mapambano ya mafahali kule Malinya au Khayega, ngoma ndiyo humsindikiza fahali hadi uwanjani, watu wakikimbia nyuma yake kwenye umande. Na mzee akifariki Shinyalu, hakuna anayeuliza kama ngoma itakuwepo. Swali ni itafika saa ngapi.

Kuna mahali pamoja tu ambapo hutaisikia: ndani ya darasa, somo likiendelea. Hapo, mtoto akigonga dawati kwa vidole viwili, mwalimu anageuka kutoka ubaoni. "Ni nani huyo anapiga kelele huko nyuma?" Wengi wetu tulisimamishwa kwenye kona kwa kosa hilo hilo. Wengine tulipata zaidi ya kusimama.

Sasa hebu tuulize. Yule mtoto alikuwa anapoteza muda, ama alikuwa anasoma?

Baba, mama na mtoto

Tuanze na ngoma yenyewe, maana wengi tunaicheza bila kuijua.

Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya katika Kaunti ya Kakamega, upande wa Shinyalu na Ikolomani. Neno hilo hilo hutaja ngoma na pia mchezo wake. Ngoma huenda tatu tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Wengine huzilinganisha na familia, yaani baba, mama na mtoto. Kando yake kuna pembe ya swara inayopulizwa, na vyuma vya kutikisa. Mwimbishaji mmoja anatupa maneno, wengine wanaitikia, wanaume na wanawake wakicheza katika safu zao.

Kumbuka hiyo picha ya familia. Ngoma tatu, kila moja ina sauti yake na kazi yake, na hakuna inayofanya kazi ya nyingine. Kubwa inashikilia chini. Ndogo inaruka juu. Mtoto anayejaribu kupiga ndogo huku akisikiliza kubwa anafanya jambo gumu kuliko linavyoonekana: anashika lake bila kupotezwa na la mwenzake, na wakati huo huo hamwachi mwenzake. Watu wazima wengi ofisini bado hawajaliweza hilo.

Hesabu: mbili ikikutana na tatu

Chukua watoto wawili wa Gredi ya 3. Darasa zima linahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, bila kukimbia. Mtoto wa kwanza anapiga kila baada ya mbili: anagonga kwenye 2, 4, 6. Wa pili anapiga kila baada ya tatu: anagonga kwenye 3, 6.

Mara ya kwanza itakuwa vurugu. Mara ya tano, kitu kinatokea. Darasa linaanza kusikia kwamba kuna mahali ambapo ngoma zote mbili zinalia pamoja, *pu!*, na mahali hapo ni sita. Wakiendelea, zinakutana tena kwenye 12, halafu 18. Hakuna aliyewaambia. Wamesikia wenyewe.

Wenzetu wa Tanzania, ambao husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, huiita hiyo sita kigawe kidogo cha shirika. Sisi tulikikuta tukiwa wakubwa kidogo, kwenye ubao, kama safu ya namba zinazogawanywa moja baada ya nyingine. Tulikariri hatua. Wachache tulijua tunatafuta nini. Mtoto aliyeanza na ngoma ashajua: anatafuta mahali ambapo wawili wanakutana.

Na si lazima tuanze na mambo makubwa hivyo. Mtoto wa chekechea anayehesabu "moja, mbili, tatu" mara nyingi huimba tu majina ya namba. Ulimi unakimbia, kidole kinabaki nyuma. Mpe ngoma, mwambie apige mara tano, si zaidi. Hapo lazima kila namba ishikane na pigo lake. Akipiga sita, wenzake watamwambia kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Sehemu nazo zimo humo. Pigo moja refu. Mapigo mawili ndani ya muda ule ule: kila moja ni nusu. Manne ndani ya muda ule ule: kila moja ni robo. Mtoto anayecheza hivyo hatashangaa baadaye akiambiwa kwamba robo ni ndogo kuliko nusu ingawa nne ni kubwa kuliko mbili. Mikono yake inalijua hilo, maana kwenye robo ilibidi ikimbie.

Halafu kuna kile ambacho mwanafunzi mdogo hukiona kama hakuna kitu: kunyamaza. Piga, piga, nyamaza, piga. Ile nafasi tupu inahesabiwa. Ukiiruka, wimbo unaharibika. Ni njia nzuri ya kumwambia mtoto wa miaka saba kwamba sifuri si bure.

Lugha: barabara mbili

Kila mtoto wa Kenya husoma silabi. Ka-ka-me-ga. Nne. Wengi hupiga makofi, na ni sawa. Ngoma inaongeza kitu ambacho kofi haliwezi kukitoa kirahisi, nacho ni pigo zito na pigo jepesi.

Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kaka-ME-ga. Sasa chukua neno *barabara*. Piga nne, ya tatu iwe nzito: bara-BA-ra. Hiyo ni ile ya magari, inayotoka Kisumu kwenda Kakamega. Piga nne tena, safari hii ya pili iwe nzito: ba-RA-bara. Hiyo maana yake ni sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile, karatasi haioni tofauti. Ngoma inaiona.

Kwa lugha ya mama, jambo linakuwa kubwa zaidi. Lwisukha na Lwidakho ni lugha za toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kugeuka. Katika gredi za chini mtaala una somo la lugha za asili, na tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 sera imekuwa kwamba mtoto mdogo aanze kufunzwa kwa lugha ya eneo anakoishi. Lakini vitabu vyetu vingi vya lugha hizi huandikwa bila alama za toni. Mtoto aliyekulia kijijini anajaza mwenyewe. Aliyekulia Nairobi au Eldoret, akaletwa likizo kwa nyanya yake, anasoma neno kama mgeni. Ngoma kubwa na ngoma ndogo, moja chini na moja juu, zinaweza kumwonyesha njia ambayo karatasi imeificha.

Hilo si wazo la kufikirika. Nenda mashariki mwa Kongo, karibu na Kisangani, kwa Walokele wa mtoni. Mmishonari Mwingereza, John Carrington, alifanya kazi pale Yakusu kuanzia miaka ya 1930, na mwaka wa 1949 akachapisha kitabu kuhusu ngoma zinazoongea. Aligundua kwamba Walokele walikuwa wakituma habari kijiji hadi kijiji kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, zikifuata toni za maneno. Shida ni kwamba maneno mengi yana toni zinazofanana. Neno la mwezi na neno la kuku, kwa mfano, yalilia sawa kwenye ngoma. Basi mpiga ngoma hakusema "mwezi" tu. Alisema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kuku naye akawa yule mdogo anayelia kiokio.

Fikiria somo la insha linaloanza hapo: sema kitu kimoja, kisha kiongezee maneno mpaka asiwepo mtu wa kukichanganya na kingine. Hicho ndicho mwalimu wa lugha huomba kila siku anapoandika kwa kalamu nyekundu, "Eleza zaidi."

Kuna na upande wa kusoma wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Usha Goswami na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi watoto wenye disleksia, yaani wale ambao kusoma kunawalemea ingawa akili yao ni timamu. Mara nyingi watoto hao hupata shida pia kushika mdundo. Sikio linaloshindwa kusikia pigo linaanzia wapi hupata taabu kusikia silabi inaanzia wapi. Kwa hivyo yule mtoto anayepotea kila mara darasa likipiga ngoma pamoja si wa kuchekwa. Huenda anamwambia mwalimu jambo ambalo mtihani utachelewa kulisema.

Sayansi: ngozi, jua na mtungi

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Walikuwa wanasema ubinafsi, lakini fizikia nayo imo. Ngozi ikivutwa zaidi, sauti hupanda. Ikilegea, sauti hushuka.

Kakamega ni nchi ya mvua. Ngozi ikilala kwenye unyevu usiku kucha, asubuhi ngoma inalia kama kisanduku cha kadibodi. Wapigaji wanajua dawa yake: wanaianika juani au wanaisogeza karibu na moto, ngozi inakauka, inakaza, sauti inarudi. Mtoto aliyeona hivyo amepata somo la joto, unyevu na mkazo kabla hajajua hata jina moja kati ya hayo.

Darasani, jaribio halihitaji maabara. Weka punje chache za mchele juu ya ngozi, kisha piga pembeni. Punje zinaruka. Nani amezirusha? Sauti ni mtikisiko, na sasa umeuona kwa macho. Halafu mwambie mtoto aweke vidole kooni na aseme "mmm". Ngoma nyingine iko pale.

Na shule ikiwa haina ngoma? Kila boma lina mtungi wa plastiki wa lita 20. Piga ukiwa mtupu. Tia maji hadi nusu, piga tena. Ujaze, piga tena. Sauti imebadilika kila mara, na mtoto ataulizwa kwa nini kabla hajaambiwa. Tena mitungi hii ndiyo ngoma ya kwanza ya watoto wengi wa huku: wanatumwa mtoni, njiani wanapiga, nyumbani wanakaripiwa kwa kuchelewa. Somo la sayansi lilikuwa linafanyika kwenye kile kijia, bila mwalimu.

Mti ulitoka wapi?

Hapa ndipo ngoma inapomtoa mtoto nje ya darasa. Mwili wa isukuti ni gogo lililochimbwa. Ngozi, kwa jadi, ni ya kenge. Maswali mawili ya mtoto yanatosha kujaza wiki nzima: mti ulitoka wapi, na kenge alitoka wapi?

La kwanza linawapeleka kwenye Msitu wa Kakamega, kipande cha Kenya cha ule msitu wa mvua uliowahi kutandaa kutoka Kongo. Mti unachukua muda gani kukua hadi utoe ngoma? Aliyeukata alipanda mwingine? La pili linawaleta kwenye sheria, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kuwinda anavyotaka. Mila inataka ngozi, sheria inamlinda mnyama. Tufanyeje? Ngozi ya mbuzi italia vipi? Sisemi mtoto wa Gredi ya 3 atatoa jibu la mwisho. Nasema hilo ni swali la kweli, lenye watu wa kweli pande zote mbili, na liko mita chache kutoka dirishani.

Na kuna adabu. Isukuti hupigwa mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, watu wakioana, mtu akifa. Mzee anayejua atamwambia mtoto kwamba wimbo wa harusi haupelekwi matangani, na kwamba ukifika penye msiba huanzi tu kupiga kwa sababu una mikono. Hilo ni somo la jamii ambalo vitabu vinalipa kurasa mbili, na mzee mmoja chini ya mti analimaliza kwa nusu saa.

Tusidanganyane

Kabla hatujachangamka kupita kiasi, tuseme ukweli. Mtandaoni utakuta watu wanaoapa kwamba mtoto akifunzwa muziki anakuwa mwerevu katika kila kitu, kama kumpa dawa. Watafiti wawili, Giovanni Sala na Fernand Gobet, walikusanya tafiti 54 mwaka wa 2020 na kuzipima upya. Walichokuta ni kwamba tafiti zilipofanywa kwa uangalifu, faida hiyo ya jumla kwa akili au kwa alama za masomo mengine karibu itoweke.

Mbona basi makala hii? Kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti. Kumfunza mtoto ngoma saa tano, kisha kungoja alama za hesabu zipande zenyewe saa sita, huko ni kungoja embe chini ya mparachichi. Kutumia ngoma kufunza hesabu, pale pale, mwalimu akiwa anajua anataka mtoto asikie nini kwenye ile pigo la sita, hiyo ni kazi nyingine. Ngoma haina uchawi. Ubao nao hauna. Kinachofunza ni mwalimu anayejua kwa nini amekishika.

Dunia ililiona hilo zamani. Zoltán Kodály wa Hungary alitaka kila mtoto wa shule afunzwe muziki kwa kuanza na nyimbo za kwao, na njia yake inatumia silabi ili mtoto aseme mdundo kabla ya kuuandika. Carl Orff wa Ujerumani naye aliwawekea watoto ngoma na marimba mikononi kabla ya nota. Shule za bei ghali jijini hutangaza majina hayo kwenye vipeperushi. Mtoto wa Ikolomani ana nyimbo za kwao, ana ngoma za kwao, na ana mzee wa kumfunza karibu na kanisa. Kile wengine wanalipia, yeye amekizaliwa nacho.

Ngoma iko kabatini

Ila hatakuwa nacho daima.

Novemba 2014, kamati ya UNESCO ilikutana Paris. Katika kikao hicho hicho, ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, ile ya kusherehekea. Isukuti pia iliingizwa, lakini kwenye orodha nyingine: ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kenya ilikuwa tayari na jina moja huko, mila za Kaya za Wamijikenda, tangu 2009. Sababu zilizotolewa kuhusu isukuti hazikuwa za kufichaficha. Wajuzi ni wazee na hawana warithi. Vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni shida, na pesa pia. Watunzi wanakimbilia muziki unaolipa. Na hadhira, yaani mimi na wewe, tunapenda burudani nyingine.

Watu wengi Kakamega walisikia habari hiyo kama sifa. Ilikuwa ni taarifa ya daktari.

Shuleni ngoma haijakufa, tusiseme uongo. Msimu wa tamasha za muziki ukifika, inatolewa kabatini, mkufunzi analetwa, watoto wanaojua kucheza wanachaguliwa, wanavalishwa, wanafanyishwa mazoezi mpaka jioni. Wakishinda wanapanda basi kwenda ngazi ya juu. Wakishindwa, ngoma inarudi kabatini. Lakini hesabu yake ni hii: shule ina mamia ya watoto, jukwaani wanapanda wachache, na ngoma zinashikwa na watatu au wanne. Hao wengine wamefunzwa kitu kimoja tu, kwamba isukuti ni ya kutazamwa.

Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 1 hadi ya 3 kote nchini mwaka wa 2019, ulifungua mlango. Gredi za chini zina shughuli za ubunifu, lugha za asili, mazingira. Mwalimu anaruhusiwa, tena anahimizwa, kuunganisha masomo. Ila mwalimu mmoja mwenye watoto sitini na hana hata ngoma moja atafanya nini na ruhusa? Ataandika "ngoma" kwenye mpango wa somo, mkaguzi ataona, kila mtu atatia sahihi.

Na hapa Katiba ya 2010 ina jambo ambalo halisemwi sana. Jedwali lake la Nne linaipa serikali ya kaunti kazi ya elimu ya chekechea. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti shughuli za utamaduni. Kwa maneno mengine, mtoto wa miaka mitano na mzee wa isukuti wako chini ya serikali moja, bajeti moja, pengine korido moja. Hakuna anayehitaji kusafiri hadi Nairobi kuomba kibali. Kinachotakiwa ni ofisi ya chekechea ibishe mlango wa ofisi ya utamaduni na kuuliza: mna wazee wangapi, na wanaweza kuja Jumatano?

Kumlipa mzee kwa asubuhi moja ya kufunza si pesa nyingi. Wanasiasa humlipa kwa kuwapokea tu.

Na mikono ya wasichana?

Swali hili litaulizwa, afadhali tuliulize wenyewe. Kwa kawaida wanaoshika ngoma za isukuti ni wanaume. Ngoma ikiwa kifaa cha kusomea, nusu ya darasa itakaa ikitazama?

Majirani wetu wamejibu kwa njia mbili. Burundi, mwaka wa 2017, ilitoa amri ya rais inayowazuia wanawake kupiga ngoma zile za kifalme. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mwandishi wa tamthilia Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma, katika nchi ambayo ngoma ilikuwa ya wanaume. Wanawake hao, wengine wajane, wengine wa familia zilizokuwa pande mbili za ule msiba, waliketi pamoja kwenye mdundo mmoja.

Wazee wa Isukha na Idakho wana haki ya kusema ni ipi ngoma ya matanga na nani aishike. Lakini mtungi wa lita 20 hauna mila ya kuwazuia wasichana. Wao ndio huubeba kutoka mtoni. Kigawe cha 2 na 3 hakiulizi jinsia. Darasani, kila mkono upige.

Dakika kumi

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Walimaanisha kwamba jambo la watoto halidumu, usilitegemee. Lakini nani alisema lazima ikeshe? Dakika kumi asubuhi zinatosha: tano za hesabu, tano za silabi, ngoma inawekwa chini, madaftari yanafunguliwa.

Sasa wewe unayesoma haya kwenye simu, ukiwa kwenye matatu pale Thika Road au kwenye foleni ya benki, pengine huna mtoto na wewe si mwalimu. Lakini Desemba inakuja. Utapanda basi la usiku, utafika nyumbani, kutakuwa na harusi ama matanga, na isukuti itafika. Utatoa simu urekodi, kama kawaida.

Kabla hujabonyeza, angalia pembeni ya wapigaji. Huwa kuna mtoto mmoja, wa miaka sita au saba, amesimama karibu sana na ile ngoma ndogo, anapiga paja lake mwenyewe, na hakosei. Muulize mpigaji akipumzika, kwa heshima: "Mzee, huyu mdogo anaweza kushika kidogo?"

Mara nyingi atacheka. Atashusha kamba begani, ataifupisha fundo moja, na atamvisha.